Tangazo la Umma Lifikapo Handeni na Korogwe: Nani Hugharamia Gazeti na Nani Hulisoma

Mwananchi wa Kwamsisi, wilayani Handeni, anayefungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo huelezwa mapema kwamba maombi yake yatatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo hubandikwa kwenye ubao wa mahakama na, mara nyingi, mwombaji hutakiwa pia kulichapisha katika gazeti linalosomwa nchini. Gharama ni yake. Gazeti lenyewe huchapwa Dar es Salaam, na siku litakapotoka si ajabu kijijini kwake isifike hata nakala moja. Ndugu anayestahili kulisoma tangazo hilo huenda yuko Kwamsisi hiyo hiyo, au yuko Mashewa upande wa Korogwe, na wala hajui kwamba siku za kupinga zimeanza kuhesabiwa.

Katika shauri dogo kama hilo mambo matatu hukutana: fedha zinazoliwezesha gazeti kutoka, sheria zinazolisimamia na msomaji linayemlenga. Kwa kawaida masuala hayo hujadiliwa katika makongamano ya wanahabari, kana kwamba yanawahusu wao peke yao. Lakini gazeti limewekwa kuwa njia ya kumjulisha mwananchi mambo mengi yenye uzito wa kisheria: mnada wa nyumba iliyowekwa rehani, kupotea kwa hati ya ardhi, hesabu za halmashauri zilizokaguliwa, wito wa mahakama kwa mdaiwa asiyejulikana aliko. Katika mambo hayo, kutoliona tangazo hakusimamishi muda.

Gazeti lisiloishi kwa senti za msomaji

Mkoa wa Tanga una historia ndefu ya magazeti kuliko mikoa mingi ya Tanzania Bara. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa UMCA walitoa Habari za Mwezi huko Magila, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muheza, jirani na Korogwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 likaanza Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga hadi mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoufikia mji huo. (Lisichanganywe na Kiongozi la Kanisa Katoliki, lililoanzishwa mwaka 1950.) La kwanza liligharamiwa na misheni, la pili na dola. Wasomaji wake walikuwa walimu, makarani, maakida na wanafunzi waliopita katika shule hizo, yaani watu ambao mgharamiaji mwenyewe aliwafundisha kusoma na aliwahitaji wasome.

Waingereza waliendelea na mtindo huo. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa chini ya Idara ya Elimu. Mwafrika wa kwanza aliyejaribu kuendesha gazeti huru nchini, Erica Fiah, alianzisha Kwetu mwaka 1937 akitegemea mauzo na matangazo ya biashara, na historia ya gazeti hilo hadi mwaka 1951 ni historia ya kuhangaika na fedha. Baadaye vyama vya siasa viligharamia magazeti yao, likiwamo Uhuru la TANU mwaka 1961. Serikali ilitaifisha The Standard mwaka 1970, nalo likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News mwaka 1972. Ngurumo, lililoanza mwaka 1959, lilikuwa mfano adimu wa gazeti la Kiswahili la bei nafuu lililoishi sokoni kwa miaka kadhaa.

Ipo sura moja ya historia hiyo ambayo haitajwi mara kwa mara, na inastahili kutazamwa upya. Katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima, Kanda ya Ziwa ilikuwa na gazeti lake, Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa ajili ya watu waliotoka kujifunza kusoma. Habari zake zilihusu kilimo, afya na maisha ya vijijini. Halikumlenga mnunuzi wa matangazo mjini. Lilimlenga mkulima, kwa sababu aliyelilipia alitaka mkulima asome. Gazeti la kanda la namna hiyo likikosa mlipaji hufa, na ndivyo ilivyokuwa kwa magazeti mengi ya vijijini ya wakati ule.

Hesabu ya fungu la magazeti

Magazeti ya leo hufika Korogwe kwa mabasi yanayotoka Dar es Salaam alfajiri na kupita Chalinze, Mkata na Segera. Korogwe ina bahati ya kuwa kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Mji wa Handeni uko ndani: kilomita 54 kutoka Mkata na kilomita 65 kutoka Korogwe. Barabara zote mbili sasa ni za lami, na hilo limepunguza saa za kusubiri. Hata hivyo fungu la magazeti ya Handeni lazima lishushwe, lipokelewe na kupandishwa chombo kingine. Kwa Bungu na Vugiri, katika milima ya Usambara, au Kang'ata na Msomera upande wa Handeni, gazeti la leo kwa kawaida ni la yule aliyetoka mjini jioni akiwa nalo mkononi.

Bei ya jalada ya magazeti mengi ya kila siku ni takriban shilingi 1,000. Tuchukue fungu la nakala 30. Zikiuzwa zote, mapato yake ni shilingi 30,000. Humo hukatwa fungu la wakala, fungu la muuzaji wa rejareja na nauli ya mzigo. Kisha kuna marejesho, yaani nakala zisizouzwa, ambazo mchapishaji amekwisha kuzilipia karatasi, wino na umeme. Karatasi ya magazeti huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, hivyo shilingi ikishuka thamani, gharama ya kila nakala hupanda hata kama hakuna kilichobadilika Korogwe. Kwa upande wa pili, ukurasa mmoja wa tangazo la rangi katika gazeti la kila siku hutozwa mamilioni ya shilingi. Tangazo moja la benki linaweza kuzidi mauzo ya Handeni ya miezi.

Hesabu hiyo ndiyo huamua gazeti limlenge nani. Mtangazaji hununua macho ya watu wenye fedha za kutumia, na macho hayo mengi yako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma. Ndiyo sababu Handeni huonekana katika kurasa za mbele kiongozi wa kitaifa anapofanya ziara, basi linapopinduka katika barabara kuu, au mgogoro wa ardhi unapolipuka. Bei ya mahindi katika gulio na ratiba ya maji katika kata hazimvutii mtangazaji, kwa hiyo hupata nafasi finyu. Kusema hivyo si kuwalaumu wahariri. Ni kueleza namna biashara yao ilivyojengwa.

Magazeti ya michezo yameutatua mtihani huo kwa njia yao. Mwanaspoti, Championi na SpotiLeo humlenga shabiki, na shabiki wa Simba au Yanga yuko Mombo na Kabuku kama alivyo Kariakoo. Nakala moja hupita mikono mingi kijiweni kabla ya kuishia kwa muuza karanga. Mtu anayesema kwamba wananchi wa vijijini hawasomi angepaswa kukaa nusu saa katika kijiwe cha bodaboda siku inayofuata mechi ya watani. Wanasoma kwa makini na kubishana juu ya kila aya. Wanachokosa ni gazeti linaloiandika halmashauri yao kwa bidii ile ile.

Redio nayo imeingia katika hesabu hii. Kipindi cha asubuhi cha kupitia magazeti kina wasikilizaji wengi, na kwa wakazi wa vijijini ndicho chanzo cha kwanza cha habari za magazetini. Mwaka 2017 aliyekuwa Waziri mwenye dhamana ya habari, Dkt. Harrison Mwakyembe, alielekeza vituo vya redio na televisheni visome vichwa vya habari pekee bila kuingia kwa undani, ili wananchi wapate sababu ya kununua nakala. Kwa mchapishaji, hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa msikilizaji wa Magoma ambaye hana mahali pa kununua nakala hiyo, kichwa cha habari ndicho kikawa habari nzima. Na hakuna mtangazaji wa redio anayesoma ukurasa wa matangazo ya mirathi.

Fedha za Serikali na mabadiliko ya mwaka 2023

Miongoni mwa wanunuzi wa matangazo, Serikali na taasisi zake ndiyo wakubwa. Zabuni, nafasi za kazi, salamu za sikukuu za kitaifa na taarifa kwa umma zimeyalisha magazeti kwa miongo kadhaa, ya umma na ya binafsi. Kwa hiyo swali la nani anaamua tangazo la Serikali liende wapi ni swali la maisha na kifo kwa chumba cha habari.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari jukumu la kuratibu matangazo yote ya Serikali. Wadau, wakiwamo Jukwaa la Wahariri na Baraza la Habari Tanzania, walipinga kifungu hicho kwa hoja kwamba ofisi inayotoa leseni ya gazeti haipaswi pia kushika ufunguo wa mapato yake. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mwezi Juni 2023 yalikifuta. Tangu hapo kila taasisi ya umma huchagua yenyewe chombo itakachotangazia.

Hatua hiyo iliondoa shaka moja na kuacha kazi nyingine. Taasisi inayochagua inahitaji kigezo. Takwimu za mauzo ya magazeti kwa kila wilaya hazichapishwi hadharani kwa utaratibu wa kawaida, na pasipo takwimu hizo afisa ununuzi huchagua jina analolifahamu au bei aliyopewa. Halmashauri yenye tangazo linalowahusu wakazi wa Mnyuzi peke yao inaweza kutumia fedha nyingi katika gazeti la kitaifa na kuwa imetimiza sheria kikamilifu, ilhali Mnyuzi haikuambiwa kitu.

Kuna pia suala la madeni. Vyombo vya habari vimelalamika kwa muda mrefu kwamba taasisi za umma hutangaza na kuchelewa kulipa, na viongozi wa wizara wamekiri mara kadhaa kuwapo kwa madeni hayo na kuzitaka taasisi husika ziyalipe. Deni la namna hiyo lina athari mbili. Linamnyima mwandishi mshahara, na linamfanya mhariri asite kuiandika taasisi ambayo bado anasubiri hundi yake. Mwaka 2023 Serikali iliunda kamati ya kutathmini hali ya uchumi wa vyombo vya habari na waandishi, chini ya uenyekiti wa mwanahabari mkongwe Tido Mhando, na hiyo yenyewe ilikuwa ishara kwamba tatizo lilikuwa limevuka kiwango cha kuachiwa soko. Kabla ya hapo, mwezi Desemba 2020, kampuni ya New Habari, wachapishaji wa Mtanzania, Rai na Dimba, ilikuwa imesitisha uchapishaji kwa sababu za kibiashara.

Wakati huo huo, chanzo kimoja kikubwa cha mapato kimehamia mtandaoni. Kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, zabuni za taasisi za umma hupitia Mfumo wa Kielektroniki wa Ununuzi wa Umma, NeST. Mzabuni wa Handeni aliyekuwa akisubiri basi la Dar es Salaam ili aone tangazo sasa huliona dakika ile ile analoliona mzabuni wa Posta. Hapo Serikali imepunguza gharama na imesogeza fursa karibu, hasa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, ambao sheria imewatengea asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya kila taasisi kwa mwaka. Ni vigumu kuona hoja nzito ya kurudi nyuma.

Ila lazima isemwe wazi kwamba fedha ile ile iliyookolewa ndiyo iliyokuwa ikimlipa mwandishi. Serikali inataka magazeti imara, na kwa sera nyingine halali kabisa inaondoa mhimili uliokuwa ukiyashika. Mambo hayo mawili hayajapatanishwa bado. Nchi nyingine zimejaribu njia mbalimbali: Norway na Sweden hutoa ruzuku ya umma kwa magazeti kwa vigezo vilivyoandikwa katika kanuni, yakiwamo magazeti madogo ya maeneo yenye wasomaji wachache. Hapa nyumbani, Tanzania Media Fund, iliyoanza mwaka 2008 kwa fedha za wafadhili, iliwalipia waandishi safari za kwenda vijijini kufanya habari za uchunguzi. Kwa uzoefu huo mmoja ilidhihirika kwamba, gharama ya safari ikilipwa na mtu asiye na maslahi katika habari yenyewe, kijiji huandikwa.

Leseni, ithibati na mwandishi wa wilayani

Hadi mwaka 2016 magazeti yalisimamiwa kwa Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, ambayo ilimpa Waziri mamlaka mapana ya kulifungia gazeti. Sheria ya mwaka 2016 ilileta leseni inayohuishwa kila mwaka badala ya usajili wa mara moja, ikaanzisha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, Baraza Huru la Habari na Mfuko wa Mafunzo, na ikamtaka mwajiri awawekee wanahabari wake bima na hifadhi ya jamii. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Februari 2022 magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa au kunyang'anywa leseni, yaani Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima, yalirudishiwa leseni zao. Marekebisho ya mwaka 2023 yalipunguza adhabu kadhaa na kuondoa kashfa katika orodha ya makosa ya jinai, ili mwenye malalamiko afungue madai.

Wilayani, sehemu ya sheria inayogusa maisha ya kila siku ni ithibati. Kanuni zinamtaka mwandishi awe na angalau stashahada ya fani ya habari, na mwaka 2025 Bodi ya Ithibati ilianza kutoa vitambulisho kwa waliokidhi masharti. Lengo la kuinua weledi halina ubishi. Lakini waandishi wengi wanaoziandikia wilaya kama Handeni na Korogwe si waajiriwa. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na habari isiyochapishwa haina malipo. Kifungu cha bima na hifadhi ya jamii kinawahusu walioajiriwa, hivyo hawa wamebaki nje ya uzio wake.

Matokeo yake yanaonekana katika kazi. Safari ya kutoka Korogwe mjini kwenda Lutindi na kurudi inaweza kumgharimu mwandishi zaidi ya malipo ya habari atakayoileta. Kwa hiyo huenda pale penye usafiri, na usafiri mara nyingi ni gari la mwenye tukio: halmashauri, shirika, mwekezaji au mwanasiasa. Maofisa habari wa halmashauri wanalijua hili vizuri, kwa kuwa ndio wanaopanga viti ndani ya gari hilo. Habari inayopatikana huwa sahihi kwa kadiri ya kile kilichoonyeshwa. Kijiji ambacho hakikuwa kwenye ratiba ya ziara hakikuandikwa, na taarifa ya halmashauri huchapishwa ikiwa karibu kama ilivyotumwa. Kwa ofisi ya umma hilo huonekana kama mafanikio. Kwa mwananchi anayetaka kujua kama taarifa hiyo ilihakikiwa na mtu mwingine, ni upungufu.

Taarifa inayohitajika na taarifa inayouzika

Katika miaka ya karibuni Handeni na Korogwe zimekuwa eneo la miradi mikubwa. Mradi wa maji wa miji 28, unaogharamiwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, umejumuisha Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita Handeni likielekea Chongoleani, Tanga. Tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera kimepokea kaya zilizohama kutoka Ngorongoro.

Msomera ni mfano wa kufundisha. Ni nadra kijiji cha Handeni kuandikwa na magazeti ya ndani na ya nje kwa wingi kiasi kile, na kwa mitazamo iliyotofautiana sana. Wasomaji wa Dar es Salaam, Nairobi na London walipata hoja za kila upande. Mkazi wa Msomera, awe mwenyeji au mgeni, alihitaji kujua mambo mengine: mpaka wa eneo lake uko wapi, hati itatolewa lini na kwa jina la nani, malisho yametengwa upande gani, na malalamiko yapelekwe ofisi ipi. Taarifa za namna hiyo haziuzi gazeti Kariakoo. Zilimfikia kwa mikutano, kwa maofisa na kwa maneno ya jirani, na ya jirani siku zote hufika kwanza.

Katika miradi ya fidia, uzito wa tangazo hupimwa kwa fedha taslimu. Ikishatangazwa tarehe ya ukomo baada ya uthamini, mazao yaliyopandwa na nyumba iliyojengwa baadaye havihesabiwi. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ililiona jambo hili: notisi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, lakini pia humfikia mhusika mwenyewe au huachwa makazini kwake. Mtunga sheria hakutegemea karatasi iliyochapwa pekee.

Sheria ya Madalali inakwenda mbali zaidi. Kabla ya kunadi ardhi, inataka tangazo la umma la angalau siku 14, litolewe katika mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi hiyo na mahali patakapofanyika mnada, na litolewe si kwa maandishi tu bali pia kwa njia inayoeleweka na mtu asiyejua kusoma. Ni sheria iliyotungwa enzi za ukoloni, na bado iko wazi kuliko kanuni nyingi mpya juu ya maana ya kumjulisha mtu. Wazee wa Pwani walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ilikuwa na sifa moja ambayo gazeti halina: aliyekuwa mjini aliisikia, apende asipende.

Lugha nayo imekuwa kizuizi. Kwa miaka mingi taasisi za umma zilichapisha matangazo ya Kiingereza ndani ya magazeti ya Kiswahili, na msomaji akayaruka kama anavyoruka tangazo la bidhaa asiyoihitaji. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yameondoa kisingizio cha kuendelea hivyo kwa matangazo ya kimahakama. Kwa matangazo mengine, uamuzi bado uko kwa ofisi inayotangaza, na baadhi ya ofisi hazijauchukua.

Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulitoa kipimo kizuri cha njia zilizopo. Uandikishaji wa wapiga kura ulifanyika kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba, na baadaye orodha zikabandikwa kwenye mbao za matangazo ili kila mkazi akague jina lake. Orodha ya kitongoji haiwezi kuchapwa gazetini, wala haikuhitaji. Ubao ulitosha, kwa sababu ulikuwa mahali pale pale penye watu wale wale, na kwa sababu gari la matangazo, misikiti, makanisa na mabalozi walikuwa wamekwisha kuwaambia watu waende kuutazama. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inahitaji utaratibu huo huo. Tangazo lake likibaki katika tovuti ya halmashauri, linawafikia wenye simu janja na bando, na hao mara nyingi si wale ambao mkopo ulitungwa kwa ajili yao.

Kwa hali ilivyo sasa, mkazi wa Handeni au Korogwe anayehisi kuna tangazo linalomhusu hana haja ya kungoja gazeti limfikie. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo anaweza kuuliza ni matangazo gani yamepokelewa katika ofisi ya kijiji. Mwenye shauri la mirathi anaweza kumwomba hakimu aelekeze tangazo lisomwe pia katika mkutano wa kijiji wanakoishi warithi. Na kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, raia anayeiandikia ofisi ya umma kuomba taarifa iliyo mikononi mwake anastahili kujibiwa ndani ya siku 30. Barua huandikwa kwa Kiswahili, hupelekwa kwa mkono au kwa posta, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa hubaki kwa mwombaji.